Pinto, Garissa na Neno "Mwananchi"

Juma lililopita, nikiwafundisha wanafunzi wangu hapa Garissa somo la maana za maneno, niliwauliza tofauti iliyopo baina ya "raia" na "mwananchi". Mmoja wao alijibu bila kusita: "Mwalimu, raia ni mwenye kitambulisho. Mwananchi ni yule asiyeulizwa babu yake alizaliwa wapi." Darasa zima lilicheka. Mimi sikucheka.

Jibu hilo lilinikumbusha Pio Gama Pinto. Alizaliwa Nairobi mwaka 1927, wazazi wake wakiwa wenye asili ya Goa. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilimtia kizuizini kwa kushukiwa kuwasaidia wapiganaji wa Mau Mau, ikampeleka kisiwani Manda, karibu na Lamu, kisha Kabarnet, hadi 1959. Mwaka 1964 aliingia Bungeni akiwa mjumbe maalum, yaani mmoja wa wale 12 waliochaguliwa na wabunge wenzao, si na wapiga kura. Tarehe 24 Februari 1965 aliuawa kwa risasi langoni mwa nyumba yake, kabla hajatimiza miaka 38.

Wapo wanaodai kwamba kiti cha aina hiyo ni ushahidi kuwa Mhindi hawezi kuaminiwa na wapiga kura. Dai hilo halina msingi tena. Mwaka 2007 watu wa Kisumu walimchagua Shakeel Shabbir awe mbunge wao, na wakamrudisha Bungeni baadaye. Mpiga kura hutazama vitendo.

Mwaka 2017 Serikali iliwatangaza Wakenya wenye asili ya Bara Hindi kuwa kabila la 44. Wengi walishangilia. Lakini je, kuhesabiwa kuwa kabila ndiko kuwa mwananchi? Wasomali wa Kaskazini Mashariki walikuwa na nafasi yao katika orodha ya makabila tangu zamani, na hata hivyo mwaka 1989 walipigwa msasa upya na kupewa kadi za pekee. Kwa miaka mingi baada ya hapo, kijana wa hapa alipoomba kitambulisho alipitia kamati ambayo mwenzake wa Nyeri hakuijua. Utaratibu huo ulifutwa kwa tangazo la Rais mnamo Februari 2025.

Ni dhahiri basi kwamba orodha haimkingi mtu. Tangazo nalo laweza kuondoa kamati, lakini haliwezi kuondoa shaka iliyomo katika lugha ya karani anayeuliza, "Wewe hasa ni wa wapi?" Kazi hiyo ni yetu sisi walimu. Tuwafundishe wanafunzi kwamba "mwananchi" ni mwana wa nchi, na mwana hujulikana kwa anavyoitumikia nyumba yao, si kwa jina wala rangi.

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Pinto alicheza kwao. Hakutunzwa. Tusiwaache vijana wa Garissa wayapate hayo hayo.