Utafiti uanze na maswali ya wagonjwa wetu

Tangu ugonjwa wa UVIKO-19 uikumbe dunia mwaka 2020, nchi tajiri zimeshikwa na wasiwasi juu ya jambo ambalo hapo nyuma hazikulipa uzito mkubwa: kwamba kijidudu kinaweza kuondoka mwilini na kumwachia mtu maradhi ya miaka mingi. Desemba mwaka huo huo Bunge la Marekani lilitenga dola bilioni 1.15 kuchunguza hali ya watu ambao hawakupona sawasawa. Kamati zimeundwa, wataalamu washauri wameteuliwa, na wagonjwa wenyewe wamedai, kwa haki kabisa, wapewe viti katika kamati hizo.

Hatuwaonei kijicho. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba maradhi ya namna hiyo si mageni katika bara letu, na kwamba moja kati yake limewaua vijana wa Afrika kwa miongo mingi bila kelele. Nalo ni ugonjwa wa moyo utokanao na homa ya baridi yabisi.

Chanzo chake ni kitu ambacho kila mzazi amekiona. Mtoto hupata maumivu ya koo yanayoletwa na bakteria aitwaye streptokoki. Nyumbani hupewa maji ya chumvi asukutue, na baada ya siku chache anarudi kucheza. Lakini kwa baadhi ya watoto, kinga ya mwili iliyojizatiti kupambana na bakteria huyo hugeuka na kuushambulia mwili wenyewe. Viungo huuma na kuvimba, homa hupanda, kisha hayo nayo hupita. Kinachobaki ni jeraha katika milango ya moyo. Kila shambulio jipya huongeza kovu juu ya kovu, mpaka milango hiyo ishindwe kufunguka au kufunga vema. Baada ya miaka mingi msichana anashindwa kupanda kilima na ndoo ya maji, wala hakuna tena anayekumbuka lile koo.

Ugonjwa huu umewashika watu zaidi ya milioni 40 duniani, na nchi zilizojenga nyumba bora na kutibu makoo ya watoto wao zimekwisha kuusahau. Sindano ya penisilini inayotolewa kila baada ya wiki tatu au nne ili kuzuia mashambulio mapya inajulikana tangu miaka ya 1950. Dawa, basi, ipo. Swali tunalotaka kuliuliza leo ni jingine: ni nani anayewashauri watafiti wa ugonjwa huu, na ushauri huo unatoka wapi?

Mwaka 1944 daktari wa Marekani, T. Duckett Jones, aliandika vigezo vya kuitambua homa ya baridi yabisi, na vigezo hivyo vikatumika dunia nzima, vikirekebishwa mara kwa mara na majopo ya wataalamu wa huko huko Marekani. Vilifaa kwa hali yao. Mahali ambapo ugonjwa umekuwa adimu, daktari hujihadhari asije akamwita mgonjwa mtu asiye mgonjwa. Kwetu hatari kubwa ni kinyume chake, yaani kumrudisha nyumbani mtoto mgonjwa kwa kuwa maumivu ya viungo vyake hayakufikia idadi ya alama zilizoandikwa kitabuni. Marekebisho ya mwaka 2015 ndiyo yaliyogawa vigezo hivyo katika mafungu mawili, moja kwa jamii ambamo ugonjwa ni nadra na jingine kwa jamii ambamo umeenea, na kuagiza kwamba moyo wa mtoto anayeshukiwa upimwe kwa mawimbi ya sauti hata kama sikio la daktari halikusikia kasoro. Kutoka mwaka 1944 hadi 2015 ni miaka 71. Hatusemi kwamba wataalamu wale walikuwa na nia mbaya. Waliandika juu ya watoto waliokuwa mbele yao.

Mfano wa pili una uchungu zaidi. Mgonjwa ambaye milango ya moyo wake imeharibika, na mapigo yake yakawa hayana mpango, huwa katika hatari ya damu kuganda na kumletea kiharusi. Dawa ya kuzuia jambo hilo ni warfarini, ambayo ni ya bei nafuu lakini ina taabu, kwani damu lazima ipimwe mara kwa mara. Nchi tajiri zikatengeneza dawa mpya zisizohitaji vipimo hivyo, zikazijaribu kwa maelfu ya watu na kuzisifu. Lakini majaribio yale makubwa yaliwaacha nje kwa makusudi wagonjwa ambao mlango wa moyo umebanwa vibaya na baridi yabisi. Madaktari wa nchi maskini wakabaki wanabahatisha. Hatimaye dawa mojawapo, rivaroksabani, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa aina yetu katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, na matokeo yakatangazwa mwaka 2022. Kati ya wagonjwa 2,275 waliopewa dawa mpya, 552 walifariki. Kati ya 2,256 waliopewa dawa ya zamani walifariki 442. Lililodhaniwa kuwa maendeleo kwa wengine lilikuwa hasara kwetu, na tusingelijua hilo kama swali lisingeulizwa na watu wanaowatibu wagonjwa hawa.

Kwamba swali hilo liliulizwa ni matunda ya kazi iliyotangulia. Marehemu Profesa Bongani Mayosi wa Chuo Kikuu cha Cape Town, aliyefariki mwaka 2018, aliwakusanya wenzake wa nchi nyingi kuandikisha wagonjwa 3,343. Majirani zetu Kenya, Uganda, Rwanda, Zambia na Malawi walikuwamo. Umri wa kati wa wagonjwa hao ulikuwa miaka 28, na theluthi mbili walikuwa wanawake. Hapo likafichuka jambo ambalo jopo la wazee wa mbali lisingelifikiria: kati ya wanawake 1,825 wenye umri wa kuzaa, 65 tu ndio waliokuwa wakitumia uzazi wa mpango, ingawa mimba ni mzigo mzito kwa moyo mbovu na warfarini humdhuru mtoto tumboni. Nao watafiti wa Uganda na wenzao walipima mioyo ya watoto zaidi ya 100,000, wakawafuatilia 818 wenye dalili za mwanzo zilizojificha. Nusu walipewa sindano ya penisilini kila mwezi. Baada ya miaka miwili, watoto 3 waliochomwa sindano walikuwa wamezidiwa, na 33 kati ya wasiochomwa.

Hata hivyo tusiwatupie lawama wageni peke yao. Sisi wenyewe tuna desturi ya kuteua kamati kwa kuangalia vyeo. Maprofesa wale wale huitwa katika kila jopo, na jopo hukutana mjini, na taarifa huandikwa kwa lugha ambayo mama wa mtoto mgonjwa haisomi. Muuguzi wa zahanati, ambaye ndiye anayechoma ile sindano na kumwona mtoto akilia na kugoma kurudi mwezi unaofuata, haalikwi. Huko New Zealand, ambako watoto wa Kimaori na wa visiwa vya Pasifiki ndio wanaougua zaidi, watafiti wameshughulikia maumivu hayo kwa kujaribu kuingiza dozi kubwa ya penisilini chini ya ngozi ili ikae mwilini muda mrefu zaidi. Hilo ni swali la mgonjwa lililogeuzwa kuwa la utafiti.

Maazimio hayakukosekana. Umoja wa Afrika uliafiki hatua saba za kuutokomeza ugonjwa huu mwaka 2015, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukapitisha azimio mwaka 2018, na Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo mwaka 2024. Azimio ni jema, lakini halisemi wilaya ipi ianze.

Kwa hiyo tunaitaka Wizara ya Afya, pamoja na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, wakae na kupanga orodha ya maswali ya Tanzania kuhusu maradhi sugu yanayofuatia maambukizi, wakianza na hili la moyo. Katika kamati ya kuipanga orodha hiyo wawemo daktari wa wilaya, muuguzi wa zahanati na wagonjwa wasiopungua wawili, mmoja wao mwanamke kijana, nao walipwe nauli na posho sawa na maprofesa. Na kila mtafiti mgeni anayeomba kibali aonyeshwe orodha hiyo kwanza, aeleze kwa maandishi ni swali lipi kati ya hayo analokuja kulijibu.