Niliuza Gemu ya Rafiki Yangu kwa Shilingi 500

Niseme ukweli mapema: mwaka wa kwanza nilikuwa nauza gemu. Flashi moja, gemu kumi na mbili hivi za PSP, na kila aliyetaka kurushiwa alinipa shilingi 500. Hosteli nzima ilinijua. Sikuwahi kufikiri kwamba nauza mali ya mtu, maana hata mimi nilirushiwa na fundi simu kule nyumbani, Kashozi.

Wengi wetu hatujawahi kuishika PSP yenyewe. Tunaijua kupitia PPSSPP, ile programu inayoifanya simu ijifanye PSP. Aliyeianzisha mwaka 2012 ni Mswidi, Henrik Rydgård, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadilisha. Hapo hakuna wizi. Wizi unaanzia kwenye gemu tunazotia ndani yake.

Hilo ni gomvi la zamani. PSP za kwanza, zilizotoka Japani Desemba 2004, ziliendesha hata programu ambazo Sony haikuzipitisha. Watu wakaanza kuandika vyao, gemu ndogondogo na programu za kusomea vitabu. Sony ikaziba tundu, wakatafuta jingine. Shida ni kwamba tundu lililopitisha kazi zao lilipitisha na gemu za kukopi, na waandishi wengi wakaona wanachafuliwa jina. Waingereza huita kazi hizo homebrew, kama pombe ya kupikwa nyumbani. Sisi wa Kagera tunaelewa upesi: lubisi ya kibanja chako hakuna anayekuuliza. Zikikutwa humo ndizi za jirani, hiyo ni kesi nyingine.

Wanaotetea kukopi wana hoja, na siidharau. Huduma ya PlayStation kwenye mtandao inaitambua rasmi Afrika Kusini, Tanzania haimo. Njia za mwisho za kununua kupitia PSP yenyewe zilifungwa Julai 2021. Mei 2024, Sony ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti yake, gemu hiyo ikaacha kuuzwa katika nchi zaidi ya 170. Sasa mtoto wa Kashozi anayecheza mpira wa mwaka 2013 kwenye simu ya mama yake anamnyima nani mauzo? (Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 haimuulizi kama duka lilikuwa wazi, lakini mimi namuuliza.) Huyo sitamwita mwizi.

Mwizi nilikuwa mimi. Rafiki yangu wa kozi alitengeneza gemu ya hesabu za darasa la nne, kwa Kiswahili, inayochezeka kwenye PPSSPP. Aliiandika kwa lugha ya Lua, usiku, miezi mitatu, kwenye laptopu isiyokaa na chaji. Alinirushia niijaribu. Nikaichanganya na zile za mpira, nikauza kwa 500 ileile. Siku moja akaikuta kwenye simu ya mtu wa bloku nyingine, ukurasa wenye jina lake umekatwa. Aliyeukata si mimi, lakini aliyeitoa mlangoni ni mimi.

Alinifuata. Hakufoka. "Aisee, ungeniomba ningekupa uigawe bure. Ungewaambia tu ni ya nani."

Duka lililofungwa halikuwa na uhusiano wowote na hilo. Mwenyewe alilala vyumba viwili kutoka kwangu. Ndipo nilipoona mazoea yetu yametufikisha wapi: tumezoea kuwa gemu haina mtu, hadi anapotokea mtu wetu hatumwoni. Na sisi wa ualimu ndio tunaokwenda mazoezi ya kufundisha, mbele ya watoto ambao wakiona gemu wanauliza bei ya kurushiwa, hawaulizi imeandikwaje.

Flashi bado ninayo. Za mpira nacheza mwenyewe, siuzi tena. Ile ya hesabu naigawa bure kwa ruhusa yake, jina lake likiwa ukurasa wa kwanza. Anayetaka kuona ilivyoandikwa, mwenyewe amesema njoo Jumamosi na laptopu yako, na kama una waya wa chaji usiuache.