Umekatwa Kidole Kazini Campus? Saa ya WIBA Ishaanza Kuhesabu

Cheki hii picha. Ni Jumanne asubuhi, karakana ya chuo. Kibarua ameshika grainda bila glavu, juu zile za kazi ziliisha muhula uliopita na hakuna aliyeagiza zingine. Kidole kinaenda. Wasee wanamfunga kitambaa, wanamrusha kwa boda mpaka Coast General. Jioni supavaiza anamtumia elfu mbili kwa M-Pesa: "Pole ndugu yangu, hii tumalizane hapa hapa." Jamaa anaona bosi ni mtu wa roho safi. Kumbe ashachezwa.

Picha nimechora mimi, haina chuo. Lakini kaa maskani Tudor ama baraza la kahawa Old Town uulize nani ashaumia kazini akalipwa kihalali. Utasikia kimya, halafu mtu acheke.

Watu hudhani campus ni vitabu na aircon. Technical University of Mombasa pale Tudor ina mizizi ya ufundi kabisa: ilianza kufunza 1951 kama MIOME, ikawa Mombasa Polytechnic 1972, charter ya chuo kikuu ikaja 2013. Chuo cha namna hiyo kina mashine, stima, kemikali za lab, sufuria za jikoni, mtu juu ya ngazi akipaka rangi. Sheria ya usalama kazini ya 2007 inasema sehemu yenye wafanyakazi 20 na zaidi iwe na kamati ya usalama. Kama unafanya chuo, uliza kamati yenu ni akina nani. Ukikosa jibu, umeshapata jibu.

Sasa doo. Sheria inaitwa WIBA, ya 2007. Mwajiri anatakiwa kuwa na bima ya wafanyakazi na kulipa matibabu ya aliyeumia. Kwa hivyo ukifika hospitali usikimbilie SHA yako kana kwamba ulianguka kwa keja. Sema umeumia kazini na uhakikishe imeandikwa hivyo kwa karatasi ya daktari.

Ukilazwa au ukashindwa kurudi job kwa muda, kuna malipo ya mshahara, mwisho miezi 12. Ukibaki na kilema cha kudumu, hesabu ni mshahara wa miezi 96 mara asilimia ya ulemavu. Mse wa 15,000 kwa mwezi akipimwa asilimia 10 anapata 144,000. Linganisha na ile elfu mbili.

Noma iko kwa masaa. Mwambie mwajiri mapema. Hata kwa mdomo inahesabika, ila tuma pia SMS, juu mdomo hauna screenshot. Yeye akishajua ana siku 7 kuripoti kwa ofisi ya serikali ya usalama kazini, ile DOSHS. Kifo kinaripotiwa ndani ya saa 24. Dai lako liingie kabla ya miezi 12 kuisha. Likishapelekwa kwa mwajiri ama bima, wana siku 90 kulipa. Na usitishwe na "ni makosa yako, hukuvaa glavu". Kinachoweza kukuharibia ni utundu wa makusudi, na hata huo hauzuii malipo kama umeumia vibaya au umekufa.

Wazee watakwambia tafuta wakili ushtaki. Hiyo ilikuwa zamani. Chama cha mawakili kilipinga WIBA mahakamani na 2009 High Court ikaangusha vipengele kadhaa. Court of Appeal ikarudisha vingi 2017, na tarehe 3 Desemba 2019 Supreme Court ikafunga mjadala: dai linaanzia kwa mkurugenzi wa DOSHS. Hujaridhika na uamuzi? Pinga ndani ya siku 60. Akikujibu na bado hujaridhika, una siku 30 za kwenda korti ya kazi, na iko hapa hapa Mombasa.

Mimi naona hapo mfanyakazi alipewa dili nusu. Kortini jaji alikuwa anaweza kulipisha hata maumivu. WIBA inaangalia payslip tu. Ukipooza kabisa ukiwa na miaka 24 unalipwa miaka minane ya mshahara, na kama mshahara ulikuwa wa kibarua, ni miaka minane ya umaskini uleule. Ulichoahidiwa badala yake ni haraka. Haraka nayo inaanza na fomu ambayo supavaiza hataki kujaza.

Kibarua asidhani ameachwa nje. Kinachoangaliwa ni kama umeajiriwa kwa malipo, si kama una kadi ya staff. Kama uko kwa kampuni ya usafi, mwajiri ni anayekulipa, uliza bima yake. Sheria inamtaja pia mwanagenzi, yule anayejifunza kazi kwa mkataba, kwa hivyo mko attachment someni barua zenu vizuri.

Aliyebaki kwa baridi ni mwanafunzi wa kawaida anayeumia kwenye practical. Mashine ni ileile, damu ni ileile, lakini yeye si mfanyakazi, na WIBA haimjui.