Toeni Hiyo Nailoni kwenye Godoro la Sebuleni

Nawaandikia kutoka Murusagamba, huku Ngara karibu na mpaka wa Burundi, na leo sibembelezi mtu. Tunachagua kava la godoro kwa macho ya mgeni, na anayelala juu yake tumemsahau.

Nasema lile godoro la sebuleni, la kukalia mchana na kulalia usiku. Kwenu visiwani liko chini kwenye majilisi na mito yake ukutani. Kwetu bara linakunjwa mchana likawa kochi. Nani analala hapo? Watoto, shangazi aliyekuja kutibiwa, binti wa kazi. Watu wasiolalamika. Mimi fundi ndiye ninayeliona godoro lenyewe siku linapoletwa kupimwa, na harufu yake naijua.

Kuna nyumba godoro lina miaka mitatu na bado limo kwenye nailoni ya dukani, eti lisichakae. Jasho halipiti kwenye nailoni. Linabaki chini ya shuka, na mtoto anaamka mgongo umelowa. Kwenu ni joto juu ya joto, na kwetu kwenye baridi ya milimani analalia unyevu. Najua jibu lenu: "Mtoto anakojoa." Ni hoja ya kweli, maana mkojo ukiingia kwenye sponji hautoki kirahisi, na mwenye kutaka kuswali chumba hicho ana haki ya kukereka. Basi tandika kipande cha mpira pale anapolala yeye, juu yake shuka ya pamba, asubuhi vyote vioshwe. Kuwalaza watu wote juu ya nailoni kwa sababu ya mtoto mmoja ni uvivu.

Linaloniudhi zaidi ni mahameli ya kung'aa, iliyofanana na pazia, imeshonwa pande zote bila zipu. Mteja ananiambia, "Zipu ya nini dada, si kuongeza gharama?" Kava lisilovuliwa halifuliwi! Litapanguswa kwa kitambaa kibichi, na vumbi letu jekundu litageuka tope ndani ya manyoya ya mahameli. Kunguni wakijificha kwenye mishono, utawamwagiaje maji ya moto na sponji iko ndani? Fundi anayekubali kushona kitu hicho bila kumwambia mteja ukweli anakula pesa ya bure. Mafundi wenzangu wakinuna, wanune.

Wajapani, ambao futoni yao hutandikwa sakafuni usiku na kukunjwa asubuhi, huianika juani na kava lake huvuliwa likafuliwa. Futoni ya asili ni ya pamba. Sponji yetu ipigwe hewa kivulini, jua kali likizidi inageuka njano na kukatikakatika.

Kwa hiyo chagua pamba nzito, kaki au jinsi nyepesi, rangi isiyoogopa vumbi. Usidanganywe na mwenye duka. Chomoa nyuzi mbili uziwashe kwa kiberiti: pamba inaungua kama karatasi na kubaki jivu laini, lakini ikiyeyuka na kuacha kidonge kigumu, hiyo ni polista. Vitenge vingi vya siku hizi vitakuumbua hapo hapo.

Godoro la futi nne kwa sita, unene inchi sita, linataka mita tano za kitambaa chenye upana wa inchi 60. Vipande viwili vikubwa, cha juu na cha chini, kila kimoja inchi 50 kwa 74, vinakula mita nne hivi. Ubavu unatoka kwenye ukanda unaobaki pembeni na kwenye ile mita ya mwisho. Kiloweke kitambaa usiku kucha na kukikausha kabla ya kukata, la sivyo kitarudi baada ya kufuliwa na kava halitaingia tena. Zipu ipite ubavu mrefu wote na kukata kona kidogo, ili mwanamke mmoja aweze kulivua bila kuita jirani. Na hela ikiwa haitoshi zipu na mahameli kwa pamoja, mahameli ibaki dukani.