Msiniagizie roboti kwa jina la sinema

Leo sina hadithi za theluji wala za wodini. Leo nataka kugombana. Nagombana na watu wa sinema, na ninyi ndugu zangu mtapata vidonge vyenu humu humu, maana ndio mnaoniagiza.

Nasema hivi: midoli ya roboti zinazogeuka magari, hizi Transformers, imeharibiwa na michoro ya sinema. Kila mwisho wa mwaka napokea maombi, "Shangazi, nataka ile ya kwenye sinema." Nanunua kwa pesa ya zamu za usiku, nafunga, natuma. Kabla hata sijaulizia kama mzigo umefika naambiwa mkono umechomoka, au mtoto ameshindwa kuirudisha kuwa gari na sasa imekaa juu ya kabati, si gari si mtu. Mtoto anaambiwa ana mikono mibaya. Hapo ndipo nakasirika! Mikono ya mtoto haina tatizo. Tatizo lilianzia kwenye mchoro.

Wengi mnadhani roboti hizi zilizaliwa na sinema ya 2007. Hapana. Zilianza kama midoli huko Japani, kwa kampuni ya Takara, kwenye mikusanyo iliyoitwa Diaclone na Micro Change. Mwaka 1984 Hasbro ya Marekani ikaichukua na kuipa jina la Transformers, katuni na vitabu vya picha vikafuata. Tazameni mpangilio huo: mdoli kwanza, picha baadaye. Fundi alihangaika na bawaba zake mpaka kitu kikakunjika mkononi, ndipo mchoraji akakichora kwa kukirahisisha. Ndiyo maana kifua cha Optimus Prime wa 1984 ni madirisha ya mbele ya lori lenyewe. Mtoto anaona lori limesimama likawa mtu. Hakuna uongo.

Mwaka 2007 mambo yakapinduliwa. Katika sinema ya Michael Bay, mafundi wa kompyuta wa Industrial Light & Magic walimtengeneza Optimus mwenye vipande zaidi ya 10,000. Kwenye skrini anapendeza, sibishi. Lakini kompyuta haina uzito wala bei. Kipande kikikosa pa kwenda kinajificha nyuma ya kingine, kinapungua, kinapotea, na jicho halishtuki kwa sababu kila kitu kinazunguka. Kisha mchoro huohuo anakabidhiwa fundi wa midoli: haya, tengeneza, ukae mkononi mwa mtoto, uuzwe bei ya dukani!

Maskini huyo fundi ana mabwana wawili. Bwana wa kwanza ni mwenye gari. Bumblebee wa 1984 alikuwa Volkswagen Beetle iliyofupishwa kama ya katuni. 2007 akafanywa Chevrolet Camaro, na mdoli wa gari la kweli sharti ufanane nalo. Bwana wa pili ni sinema, nayo inataka roboti yenye vyuma elfu na kiuno chembamba. Sasa ganda la gari liende wapi? Linabebwa mgongoni, kama mama anayerudi sokoni na mzigo. Ikishindikana kabisa, roboti inabandikwa kifua cha bandia: mbele ya gari ya kweli imefichwa mgongoni, na ya uongo imewekwa kifuani kuwaridhisha waliotazama sinema. Hiyo nayo ni kugeuka? Hiyo ni kuvaa barakoa.

Mimi kazi yangu ni miili, na kila muuguzi anajua kiungo ndicho mahali pa kuumia. Nyonga ya binadamu inadumu kwa sababu kichwa cha mfupa kimekaa ndani ya kikombe chake, na misuli imekizunguka. Mdoli hauna misuli. Una msuguano tu, plastiki juu ya plastiki, na kila ukikunja msuguano unaliwa. Ongeza viungo kufuata mchoro wa sinema huku bei ikibaki ileile, kitu kingine lazima kipungue: plastiki inakuwa nyembamba, mkono unaachwa wazi kwa ndani kama ganda la karanga, rangi inapakwa upande wa mbele tu.

Sinema ya nne, ya 2014, ikazidisha. Roboti zilizoundwa na binadamu humo hazikunji chochote. Zinamomonyoka kuwa vijipande vinavyoruka hewani na kujipanga upya. Fundi ashike wapi hapo? Na mwaka huohuo rafu zikapata One-Step Changers: tendo moja tu, imekwisha. Ni sawa kwa wadogo. Lakini mtoto wa miaka saba au minane akabaki katikati, kati ya fumbo linalomshinda baba yake na kitu kisicho na fumbo kabisa.

Najua nitajibiwa. Hapa Birmingham ndipo wapenzi wa midoli hii hukutana. Palikuwa na Auto Assembly mpaka 2015, na tangu 2016 kuna TFNation. Wao watanitajia Optimus mkubwa wa sinema ya pili, 2009, wanayemsifu kama kazi ya ufundi wa hali ya juu. Nakubali, ni ufundi. Ila ni ufundi wa mtu mzima mwenye meza, taa na jioni nzima ya kupoteza. Watasema pia midoli ya 1984 ilikuwa migumu, miguu kama imefungwa hogo. Kweli tupu. Sisemi turudi nyuma, nasema fundi wa mdoli aitwe mezani kabla mchoro haujakauka.

Na inawezekana. Sinema ya Bumblebee ya 2018, ya Travis Knight, ilirudi kwenye Beetle na maumbo ya 1984: bati pana, mistari michache, kichwa kinachosomeka. Haikupungukiwa na msisimko hata kidogo, na fundi akapata bati la kukunja badala ya nywele za chuma.

Sisi wenyewe tulilijua hili bila kusoma popote. Gari la waya, matairi ya kandambili, usukani mrefu wa kusukumia: aliyelichora ndiye aliyelipinda na ndiye aliyelikimbiza barabarani. Likivunjika, alijua pa kukaza. Kitu cha mtoto kikichorwa na mtu asiyewahi kufikiria mkono wa mtoto, huwa hivi tunavyoona.

Basi kuanzia sasa utaratibu ni huu. Mtu asiniandikie jina la sinema, aniandikie umri wa mtoto. Aliye chini ya miaka 3 hapati kabisa vyenye vipande vidogo. Ile alama ya sura ya mtoto iliyokatwa mstari haikuwekwa kama pambo. Kwa wengine nitauliza maswali matatu: kifua cha roboti kinatoka kwenye gari kweli? Mtoto ataweza kuikunja bila karatasi ya maelekezo akishazoea? Viungo vimeshikwa kwa pini, au vimebanwa tu? Isiyojibu vizuri inabaki Birmingham, hata kama sura yake imejaa kwenye mabango.

Mkipinga, pingeni, nipo. Lakini msinipinge kwa kusema "kwenye sinema ilikuwa nzuri." Sinema haishikwi mkononi.

Wasalimieni wazee wote.