KISU KISITANGULIE CHETI

Ndugu wafanyakazi wa Meru na Embu,

Kijana mmoja, mwanachama mwenzetu na karani katika kiwanda cha chai upande wa Embu, alinijia na shauri zito. Tangu utoto ataka kuwa rubani, naye aweka akiba ili akasome kazi hiyo Wilson, Nairobi. Sasa daktari mmoja amemtazama puani akamwambia kwamba ukuta wa katikati umepinda, na asipopasuliwa hatapata cheti cha afya. Kijana yu tayari kukopa katika chama cha akiba, na baba yake asema atauza ng'ombe. Akaniuliza, "Mzee, nikubali kisu?" Nililomjibu nalileta kwenu, maana wengi wetu tuna vijana wenye hamu kama yake.

Sharti lipo kweli. Kanuni za kimataifa, zilizotokana na Mkataba wa Chicago wa 1944, zataka pua ya rubani isiwe imeziba. Huo si uonevu. Sisi tushukao kwa gari kutoka Timau kwenda Isiolo twajua jinsi masikio yanavyoziba, na mwenye mafua huumia zaidi. Rubani akishikwa na maumivu makali ya sikio au ya paji la uso wakati wa kutua, abiria wote wamo hatarini.

Lakini, ndugu zangu, kupinda si kuziba. Watu wengi wana ukuta wa pua uliopinda kidogo, nao hupumua vizuri. Mpimaji hatafuti pua iliyonyoka. Ataka kujua kama hewa yapita na kama masikio yafunguka. Tena anayepima kwa ajili ya cheti hicho ni daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, si daktari yeyote. Basi kwanza kapimwe huko kipimo cha daraja la 1, ambacho ni cha marubani wa kazi ya mshahara, kabla ya kulipa hata shilingi moja ya karo. Huenda macho au moyo ndiyo yatakayokuzuia, na hapo utakuwa umekatwa pua bure.

Pili, ukiambiwa pua imeziba, uliza sababu. Vumbi na mzio huvimbisha pua, na dawa ya kupuliza yaweza kuifungua baada ya majuma machache. Kunyosha ukuta hakuponyi mzio. Mwambie mpimaji kila dawa unayotumia, kwa kuwa zile ziletazo usingizi hazimfai rubani.

Tatu, upasuaji huu huwafaa wengi, lakini una hatari zake: damu kutoka sana, kidonda kuoza, ukuta kutoboka, au pua kuziba tena. Hakuna daktari mkweli awezaye kukuahidi cheti. Mimi natumia kipimo hiki: je, ungekubali kukatwa hata kama ndege zisingekuwapo, kwa sababu tu hulali wala hupumui vema? Ukijibu ndiyo, nenda kwa moyo mkunjufu. Ukijibu hapana, ngoja neno la mpimaji.

Aliye kazini na ameamua kupasuliwa asiende kwa siri. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 30, yampa aliyetimiza miezi 2 ya kazi mfululizo angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara kila mwaka, akileta cheti cha daktari. Na matawi yetu yashike neno moja katika mazungumzo: tajiri atakaye mfanyakazi apimwe, gharama ya kipimo ni yake.

Kijana wetu ameuacha mkopo kwanza, ameomba siku ya kupimwa. Ng'ombe wa baba yake angali zizini. Nasi twamtakia heri.

Umoja ni nguvu.