Feza si kosa

Juma lililopita nilirudishiwa kazi yangu ya semina ikiwa imekatwa kwa wino mwekundu mara saba, na mara zote saba ni neno moja: feza. Pembeni mwalimu ameandika "pesa", na mara mbili "fedha". Nimepoteza alama mbili. Alama zitapatikana tena; ninachobishia ni sababu.

Kwanza sauti. Huku kwetu dhahabu ni zahabu, dhambi ni zambi. Feza imefuata njia hiyohiyo.

Halafu maana, na hapo ndipo penye utamu. Fedha kwa asili ni madini, jina lililotoka Kiarabu. Pesa lilitoka Uhindi, jina la sarafu ndogo ya shaba. Sultani Barghash wa Unguja alitoa za kwake mwaka 1299 wa Hijra, yaani 1882. Anayetuamuru tuseme pesa anatuambia tuache fedha, tushike shaba!

Fedha yenyewe hatukuiona sana. Februari 1887, huko Unguja, Tippu Tip alikubali kuwa gavana wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani hii, chini ya Leopold II, kwa pauni 30 kwa mwezi. Mwaka huohuo Leopold alitoa sarafu za fedha za Kongo, kuanzia nusu falanga hadi falanga 5. Lakini biashara ya Falls ilikwenda kwa nguo, shanga na mitako, vile vipande vya waya wa shaba. Pembe zilihesabiwa riali Unguja, riali ya Maria Theresa, ambayo huandikwa 1780 hata ikifuliwa miaka mia baadaye. Gdańsk, mji wa biashara chini ya wafalme wa Poland, ulifua fedha yake: sura ya mfalme huku, nembo ya mji kule. Sisi hatukufua kitu. Tulibaki na neno, nalo ndilo linalokatwa.

Mtaniambia mtihani unadai Kiswahili sanifu. Sawa, basi tuelezwe mapema. Ila mbona hakuna anayekicheka Kifaransa, ambacho huita argent madini hayo na pia noti iliyochakaa?

Jumamosi, soko kuu la Makiso, mama muuza sombe aliniambia, "Leta feza, papa." Nilimpa noti, sarafu hapa hazitembei tena, za fedha wala za shaba. Alinielewa, nilimwelewa.

Kazi nimeiandika upya, nimesahihisha tanbihi mbili zilizokuwa mbovu kweli, na nimeirudisha. Feza zote saba bado zimo.